Joka Lisilotoka kwa Maji

Mwanangu Rukia,

Sanduku lako limekaa mlangoni tangu asubuhi, na wewe umelala juu ya zulia kando yake kama askari wa zamu. Mama yako naye amelala chumbani. Alirudi kutoka zamu hospitalini kumekwisha kucha. Hii ndiyo saa ya Jeddah ninayoipenda, baada ya adhuhuri, madirisha yamefungwa, na hakuna mtu katika mtaa mzima wa Aziziya anayetarajia niseme neno. Kesho alfajiri mnapanda ndege, na kesho kutwa utaamka kwa Bibi, Mombasa. Mama yako atarudi baada ya likizo yake. Wewe hutarudi.

Wenzangu shuleni hunicheka nikikuita mwanangu. "Una miaka kumi na saba, yeye kumi. Ulimzaa ukiwa darasa la kwanza?" Mimi sijui kuwajibu watu, kwa hiyo huinamisha kichwa kwenye kitabu. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto, basi. Mama yako alipoanza zamu za usiku, babu yako alikuwa Riyadh kikazi na hapa hapakuwa na mwingine. Mimi ndiye niliyekusuka, nikakuogesha, nikakusikiliza ukisoma. Barua hii ni ya mzazi, ingawa mzazi mwenyewe bado anavaa sare.

Habari za mswaki, viatu na dawa ya kifua umeshaambiwa. Mimi nataka kuandika kuhusu mkono wako wa kushoto. Mengi ya haya ulikuwepo, lakini ulikuwa na miaka tisa na nusu, na mengine yalitendeka ukiwa nyuma ya pazia. Nataka ukiisoma ukiwa mkubwa usihitaji kumuuliza mtu.

Yote yalianza na Japani. Shuleni kwetu ilipofika Siku ya Mataifa, kila darasa lilichota karatasi kwenye kikapu. Wasichana wa Kihindi walichota Misri, Wamisri wakachota Ufilipino, na sisi tukachota Japani, darasa ambalo halikuwa na Mjapani hata mmoja. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliwahi kufundisha huko, akatuletea mchezo wa kuigiza wa kuchekesha kuhusu majambazi na wapelelezi. Tuliucheza wasichana watupu, mbele ya mama zetu watupu. Simu zote zilikusanywa mlangoni na kutiwa katika vifuko vya namba, kama ilivyo desturi hapa wanawake wakijumuika. Ndiyo maana hakuna hata picha moja ya siku ile.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kuna genge la majambazi waliochoka na kazi yao. Wapelelezi wawili wanataka kujipenyeza ndani yake, na kwa kuwa majambazi wa huko hujichora majoka mwilini, nao wanajichora kwa wino. Hawajui kuwa genge hukutana katika hamamu. Maji ya moto yanamwagwa, na majoka ya wapelelezi yanaanza kuchuruzika hadi kwenye vidole. Hapo ndipo anapotoka Bosi Mkuu, ambaye tangu mwanzo kila mtu anamtetemekea bila kumwona. Pazia linafunguka, na Bosi Mkuu ni wewe, na koti la babu yako linaloburutika sakafuni.

"Nani ameniamsha?" ulisema. Ukumbi ulivunjika mbavu kabla hujaendelea. "Nileteeni maziwa! Ya moto!"

Kisha ukajimwagia kopo la maji mkononi, ukaunyanyua juu. "Joka la kweli halitoki kwa maji!" Vigelegele vya mama yako nilivisikia juu ya vyote.

Onyesho la mwisho ni kituo cha polisi. Mpelelezi Mkuu anamwekea mshukiwa bakuli la wali wa moto na nyama juu yake, na kumwambia, "Sema kweli, ule." Mwalimu alitwambia ni mzaha wa zamani wa michezo ya huko. Katika maandishi nyama ilikuwa ya nguruwe, akaikata kwa kalamu nyekundu, akaandika kuku. Majambazi wana njaa, kwa hiyo kila mmoja anakiri. Wanakiri makosa ya wenzao, wanakiri makosa ambayo hayajatendeka, hata mpelelezi wa pili anakiri ili apate bakuli. Mwishowe wahalifu wanakuwa wengi kuliko makosa.

Mpelelezi Mkuu nilikuwa mimi. Wewe ulishangaa kuliko wote. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na daftari na kuwakumbusha waliosahau maneno, lakini msichana mwenye nafasi ile alihamishwa na wazazi wake wiki mbili kabla, na hakuna mwingine aliyeyajua. Mwalimu akanibandika masharubu. Nilipojitazama kwenye kioo sikumwona Salha, na kwa mara ya kwanza nikaweza kupaza sauti mbele ya watu. Nilifurahi sana, Rukia. Nakuambia ili uelewe nilichokuwa nakilinda baadaye.

Kwa kuwa mimi ni Mswahili, niliambiwa nishughulikie pia majoka. "Nyinyi si mnajua mambo ya hina?" Majoka ya wapelelezi yalikuwa rahisi, wino wa shule ulitosha. Tatizo lilikuwa joka la Bosi. Lilipaswa kubaki. Hina ni nyekundu na huchukua usiku mzima. Nikafikiri piko, ile hina nyeusi.

Jumatano ile nilikwenda na mama yako soko la Ghulail kununua unga wa ugali, na alipokuwa akichagua samaki nilinunua unga mweusi wa kupaka nywele katika duka la pili. Sikumwonyesha. Kesho yake baada ya adhuhuri, kama saa hizi, nilikuwa jikoni naukoroga ndani ya bakuli Kadzo alipopanda.

Kadzo unamjua, lakini nitamwandika, kwa sababu nyumba hii imeacha kumtaja. Alikuwa mfanyakazi wa madam wa chini, mwenye nyumba wetu. Alitoka kijiji kimoja cha Kilifi, Mgiriama, Mkristo, mcheshi. Madam akilala mchana, Kadzo alikuwa akipanda ngazi kwa miguu mitupu kuja kunywa chai kwetu na kusema Kiswahili. "Huko chini mimi ni bubu," alikuwa akisema. "Yalla, halas, mafi; haraka, basi, hakuna; ndiyo maneno yangu yote. Nikija hapa ulimi unarefuka." Ni yeye aliyempaka mama yako maua ya piko mikononi Idi iliyopita, na yalisifiwa hospitali nzima. Alibakisha miezi minne amalize mkataba wake wa miaka miwili.

Aliinama juu ya bakuli langu akanusa.

"Salha, hiki nini?"

"Piko. Ya Rukia. Ya mchezo."

"Huu ni wa nywele. Mimi nikipaka natia chembe tu ndani ya hina, tena kwa mtu mzima, tena namjaribu nyuma ya sikio kwanza. Mtoto hapana. Wachoma huu."

"Ni kwa siku moja tu."

"Moto nao huchoma kwa siku ngapi?" Kisha akaiona karatasi niliyochora joka langu, akacheka hadi akaishika meza. "Na hilo ndilo joka? Hilo ni mjusi wa ukutani aliyekosa mbu!"

Akachukua penseli. Kwa dakika tano akachora joka lenye magamba, kucha, na mkia uliojikunja ukageuka tawi la maua yake, yale yale ya Idi. Alipoinuka akanionya tena. "Mchoro nakupa. Unga huo mwaga. Tumia kalamu ya wino mzito, ya kuandikia makatoni. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Haya, na usinitaje chini. Madam akijua napanda hapa, nimekwisha."

Nilisikia, Rukia. Sitaki udhani nilikosea kwa kutojua. Nilifikiria kalamu ya makatoni, nikaona itang'aa vibaya chini ya taa, na maji yakiigusa huenda ikachafuka, na ukumbi usicheke. Asubuhi ya mchezo nikakuketisha kitandani, nikanakili mchoro wa Kadzo kutoka begani hadi kwenye kiwiko, nikaufunika kwa nailoni ili ushike. Muda wa saa nne. Ulisema, "Ma'mdogo, unawasha." Nikakuambia mabosi hawawashwi. Ukacheka, ukanyamaza.

Siku ya pili mkono ulivimba. Siku ya tatu joka lote lilikuwa limeinuka kama mkate, malengelenge kwenye kila gamba. Mama yako alirudi kutoka zamu, akakunja mkono wa gauni lako la kulalia, akashika ukuta. Yeye ni muuguzi, ameona mengi. Nilikuwa sijawahi kumwona akishika ukuta.

"Nani amempaka?"

Miaka miwili nyuma, nilipoletwa Jeddah, aliniambia neno moja tu: "Mtoto wangu akidhurika mikononi mwako, utarudi kwa mama kusoma huko huko." Nilikuwa na mtihani mwaka unaofuata. Nilikuwa na maktaba ya shule. Nilikuwa na masharubu yangu, na siku ile ile tulikuwa tumeambiwa darasa letu limeshinda Siku ya Mataifa, kwamba tungepelekwa Riyadh kuucheza mchezo katika shule ndugu na yetu. Yote hayo yalipita kichwani mwangu kwa muda wa mtu kumeza mate.

"Kadzo," nikasema.

Mama yako aliutazama mkono. Maua ya mkiani aliyajua. Yalikuwa yamefifia mikononi mwake mwenyewe. Hakuuliza tena.

Wewe ulinitazama. Nikakupeleka bafuni kukuosha uso, nikapiga magoti, nikasema, "Ukiulizwa, usiseme kitu. Ukisema, Ma'mdogo atapelekwa mbali." Uliitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha kusema uongo, kwa kuutumia upendo wako kukuogofya.

Nilipokuwa mdogo nilidhani waongo ni watu wenye maneno mengi. Nimejifunza vingine. Mtu asiyesema, anayeshinda na kitabu, akisema uongo mara moja tu huaminiwa papo hapo, kwa sababu watu huhesabu kimya chake kuwa ukweli uliowekwa akiba. Wewe si kama mimi, unaongea hata na mapaka wa ngazini, na Bibi atakuambia upunguze. Usipunguze sana.

Mama yako alishuka na abaya juu ya sare yake ya kazi, amekubeba. Mimi nilibaki kwenye ngazi ya juu. Nilimsikia akieleza kwa Kiarabu chake cha hospitalini, kisha nikamsikia madam akipiga kelele, "Kadzo! Yalla, Kadzo!" Kadzo akatoka na mti wa kudekia mkononi.

"Mimi sikumpaka, madam. Wallahi," akasema, yeye Mkristo, akiapa kwa kiapo cha nyumba ile ili asadikiwe.

"Mchoro huu si wako?" mama yako akamuuliza kwa Kiswahili.

Kadzo akausogelea mkono wako. Niliona uso wake ukibadilika alipoyaona malengelenge, na ukabadilika tena alipoyaona maua.

"Mchoro ni wangu, mama Rukia. Kupaka sikupaka."

"Kumbe siku ile ulipanda juu," mama yako akasema. "Mtoto angechorwaje na mtu asiyepanda?"

Madam hakujua Kiswahili lakini alielewa kidole cha mama yako kilichoelekezwa juu. Kadzo naye akakifuata kwa macho, akaniona.

"Salha," akasema. "Sema."

Nakumbuka mti wa kudekia ulikuwa unadondosha maji juu ya kiatu cha mama yako. Nakumbuka wewe ulikuwa umeficha uso. Mimi nilirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, nikaingia ndani, nikafunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

"Halas," nikamsikia madam akisema chini. Jioni ile gari la ofisi iliyomleta Kadzo lilikuja kumchukua. Madam aliiambia ofisi kuwa Kadzo amemdhuru mtoto wa mpangaji. Wakamhamishia nyumba nyingine, Riyadh, kwa mkataba mpya, na miaka miwili ikaanza upya. Kama si mimi, sasa hivi angekuwa kwao. Alikuwa amekuahidi kwamba ukienda Mombasa atakuja uwanja wa ndege kukupokea na mahindi ya kuchoma, ingawa hakuna anayeruhusiwa kuingia uwanjani na moshi. Mlikuwa mkigombana kama atafika na jiko au bila jiko.

Nilimaliza wiki zile nikisoma kuliko wakati wowote. Walimu walinisifu. Nilisoma hadithi za wapelelezi wa kila namna, na kila nilipofika kurasa za mwisho niliruka, sikutaka kumwona mhalifu akitajwa. Katika mchezo wetu wahalifu walikuwa wengi mno; katika nyumba yetu tulimpata mmoja tu, naye siye aliyekosa.

Siku moja mchana niliingia jikoni nikakukuta umekaa chini, nyuma ya mlango, na simu ya mama yako sikioni.

"Mkono hauumi tena," ulikuwa ukisema. "Umebaki mchoro tu, mweupe. Wewe je, Anti Kadzo? Huko kuna paka?... Pole. Nisamehe, Anti."

Uliponiona hukukata simu haraka kama mwizi. Ulimuaga kwanza. Kisha ukaniambia, "Yuko Riyadh. Namba yake aliniandikia zamani, nyuma ya daftari la Sayansi."

"Umemwambia mama?"

"Uliniambia nisiseme," ukajibu, na ukaenda kuchora.

Kwa hiyo wewe ulikuwa umeomba radhi kwa kosa lisilo lako, na ulikuwa umeitunza siri isiyo yako, zote mbili kwa wakati mmoja. Mimi nilishindwa hata moja.

Mwezi uliofuata tukaenda Riyadh. Nafasi yako ya Bosi ilichukuliwa na mdogo wa mwenzetu. Joka lake lilichorwa kwa kalamu ya kuandikia makatoni. Halikung'aa vibaya. Lilimwagiwa maji, likabaki, watu wakacheka vilevile. Nilisimama pembeni na masharubu yangu nikiliangalia.

Mchana tulikuwa tumepitishwa soko la Batha kununua bakuli jingine, la kwetu lilivunjika kwenye basi. Katika umati ule wa watu wa kila nchi, kila mwanamke mweusi aliyevaa abaya alikuwa Kadzo mpaka alipogeuka. Sijui ningefanya nini kama mmoja wao angekuwa yeye. Pengine ningejificha nyuma ya mabakuli.

Onyesho la mwisho likafika. Nikaingia, nikaweka wali mbele ya mshukiwa, nikapiga meza. Nilipaswa kusema, "Sema kweli, ule." Maneno matatu. Yalikuwa yangu, nilikuwa nimeyasema mara mia. Kinywa kikafunguka, pasitoke kitu. Ukumbi ukangoja. Msichana aliyekuwa mshukiwa akanong'ona ili anisaidie, "Sema! Salha, sema!"

Masharubu yakaanza kubanduka kwa jasho. Yakaning'inia upande mmoja. Wanawake wakacheka, wakafikiri ndivyo mchezo ulivyo, wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa ncha za mitandio. Mshukiwa akajichotea wali mwenyewe, akasema, "Basi nakiri bila kuulizwa!" na mchezo ukaendelea. Baadaye mwalimu aliniambia kimya kile kilikuwa kizuri kuliko maandishi.

Nilipopewa simu yangu kutoka kwenye kifuko mlangoni, nilienda kwenye korido ya vyoo nikapiga ile namba. Nilikuwa nimeinakili siku ile ile ya jikoni.

"Halo? Nani?"

"Mimi Salha. Wa Jeddah. Wa juu."

Nyuma yake mtoto alikuwa analia, na mtu alikuwa anaita jina lake.

"Salha mwenyewe!" akasema. "Yule asiyesema."

"Niko Riyadh. Kadzo, nakuomba radhi. Nakuomba sana..."

"Umemwambia mamake Rukia?"

"Bado."

"Basi hujanipigia bado."

Akakata. Sijampigia tena tangu siku hiyo. Miezi miwili na nusu imepita, na kila siku nilikuwa na sababu: mama yako amechoka, mama yako amefurahi, kuna wageni, kuna mtihani. Nilijiambia nitasema mkiwa mmekwenda, kwa barua, ili nisiuone uso wake. Nimekuwa mwandishi mzuri wa barua kwa sababu hiyo mbaya.

Lakini leo asubuhi, kabla hajalala, mama yako alikuwa akipanga nguo zako nami nikikunja.

"Hizi za mikono mifupi ziache," akakuambia.

"Mombasa joto, mama."

"Najua. Lakini Bibi akiliona hilo joka hatanipumzisha. Na akiliona, sema ulipakwa na mfanyakazi wa chini, Mgiriama mmoja. Umesikia?"

Ulinitazama. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unanitazama kama ulivyokuwa ukifanya kwenye mazoezi, ulipomaliza maneno yako na kungoja yangu.

"Ndiyo, mama," ukasema, ukaliweka kando gauni la manjano, lile ulilolililia dukani.

Hapo nikaelewa kuwa uongo wangu nao ulikuwa na tiketi. Ungefika kwa Bibi, na Bibi ana majirani, na nusu ya majirani zake ni Wagiriama. Ingekuwa hadithi ya familia: jihadharini na watu wale, mmoja wao alimchoma mtoto wetu Arabuni. Nawe ungeisimulia kwa mdomo wako, ukiwa umefunikwa mikono mirefu katika joto lile, mpaka siku moja uisadiki. Ningekuwa nimekuchora mara ya pili.

Kwa hiyo nimepika. Wali uko jikoni, na kuku. Katika mchezo ni mpelelezi anayeleta bakuli. Leo mshukiwa amejipikia mwenyewe. Nasikia mama yako akikohoa, anaamka. Naiacha kalamu hapa.

*

Nimerudi. Ni baada ya magharibi. Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Alikaa mezani na nywele hazijachanwa. "Mbona wali saa hizi? Una nini wewe?"

"Dada, mimi ndiye niliyempaka Rukia."

"Kumpaka nini?"

"Joka. Kadzo alichora kwenye karatasi tu. Alinikataza kulipaka, mara mbili."

Aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama anavyowauliza wagonjwa. "Ulichanganya na nini?" Nikamwambia. "Kwa muda gani?" Saa nne, na nailoni. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anaandika kwenye faili. Kisha akasema taratibu, "Nilishuka ngazi zile, Salha. Mimi. Nikamwonyesha mwanamke yule mkono wa mtoto kama hati ya mashtaka."

Akaninyooshea mkono.

"Nipe namba yake."

"Iko nyuma ya daftari la Sayansi la Rukia."

Alikuwa ameanza kusimama. Akakaa tena. "Rukia anayo? Rukia alijua?"

"Nilimwambia asiseme."

Alifunika uso kwa viganja, na huo ndio wakati mgumu kuliko ule wa ngazini, maana sasa hakukuwa na mlango wa kufunga. Alipoinuka hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema, "Kwanza tunashuka kwa madam. Na mimi sisemi hata neno. Utasema wewe."

Nilisema, Rukia. Kwa Kiarabu cha shule, mbele ya madam na wageni wake wawili wanywao kahawa. Nilisema yote tangu Ghulail. Madam alinisikiliza na kikombe mkononi, akainua mabega. "Halas. Ni mambo ya zamani." Mama yako akamwomba aipigie ofisi awaambie. Akasema, "Inshallah." Sijui inshallah ile ilikuwa na uzito gani. Nimeahidi kushuka kila Ijumaa kumuuliza. Najua nitatetemeka kila Ijumaa.

Ukweli haukumtoa Kadzo Riyadh. Nilidhani ukisemwa kitu kitafunguka mahali fulani. Hakuna kilichofunguka.

Kisha mama yako alijifungia jikoni na simu. Kupitia mlangoni nilimsikia, "Kadzo? Mimi mama Rukia." Halafu, "Hapana, usinifariji. Nisikilize." Halafu, kwa muda mrefu sana, "Naam. Naam. Naam." Alipotoka alinipa simu bila kunitazama. Kadzo alikuwa bado yuko upande wa pili.

"Sasa umenipigia," akasema. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Akauliza kama bado unabisha kuhusu jiko na mahindi. Nikasema bado. "Mwambie nitachelewa," akasema, "lakini nitakuja na jiko."

Mama yako akafungua sanduku lako. Akatoa magauni mawili ya mikono mirefu, akachukua lile la manjano, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya vyote. Kisha akarudi jikoni akala ule wali uliopoa, amesimama. Mimi sijui kama nitabaki hapa au nitawafuata Mombasa. Hajasema, na sijastahili kuuliza.

Bibi akiuliza, mjibu tu lililotokea. Jina langu litaje lote.

Gauni liko juu kabisa. Livae kesho.

Ma'mdogo wako,
Salha